Marafiki milioni moja ndani ya saa 20

Juzi nilikuwa nabishana na jamaa yangu mmoja anayetengeneza tovuti. Anasema yake iko salama kwa sababu kwenye fomu amezuia maneno yote ya hatari. Nikamwambia, ndugu yangu, kaa nikupe kisa cha Samy.

Ni Oktoba 4, 2005. Enzi hizo MySpace ndiyo ilikuwa kijiwe cha vijana wa Marekani. Utamu wake, uliruhusiwa kuupamba ukurasa wako mwenyewe kwa HTML: rangi, picha, mbwembwe zote. Wenye tovuti hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mtu akiingiza JavaScript, alichoandika si maandishi tena, ni amri, na kompyuta ya kila mgeni wa ukurasa ule itaitii. Kwa hiyo wakaweka kichujio: neno "javascript" likionekana, linaondolewa.

Samy Kamkar, kijana wa miaka 19, akalikata neno katikati. "Java" mstari wa juu, "script" mstari wa chini. Kichujio kilikuwa kinatafuta neno zima, kikapitisha. Internet Explorer ya wakati ule nayo, kwa ukarimu wake, ikaunganisha vipande na kutekeleza. Ni sawa na mlinzi wa getini aliyepewa orodha ya majina ya wezi. Mwizi akitaja jina la utani, anafunguliwa geti na salamu juu!

Basi ikawa hivi: ukifungua ukurasa wa Samy, akaunti yako yenyewe inamwomba urafiki, inaandika kwako kwamba Samy ni shujaa wako, halafu ile programu inajinakili kwenye ukurasa wako. Rafiki yako akikutembelea, naye kapata. Hazikupita saa 20, maombi ya urafiki yakavuka milioni moja. MySpace wakalazimika kuzima tovuti ili wasafishe.

Hakuiba maneno ya siri. Angetaka, kwa njia ile ile angeweza kusoma barua za watu. Mwaka 2007 alikiri kosa mahakamani Los Angeles, akapewa miaka mitatu chini ya uangalizi, siku 90 za kazi za jamii, fidia, na masharti makali ya kutumia kompyuta. Kwangu mimi adhabu ile ilikuwa nzito mno kwa utani, ingawa aliyekesha akisafisha pale MySpace huenda asinielewe. Baadaye Samy akawa mtafiti wa usalama wa kompyuta.

"Sasa nifanyeje?" jamaa akauliza. Acha kuwinda maneno mabaya, hayaishi. Chochote anachoandika mgeni, kabla hujakionyesha, zigeuze alama zinazofungua amri za HTML ziwe herufi za kusomwa tu. Ukilazimika kuruhusu mapambo, orodhesha machache yanayokubalika, mengine yote kataa.

Akasema hayo ni mambo ya kale. Nikamkumbusha Twitter, Septemba 21, 2010: kupitisha mshale wa kompyuta juu ya ujumbe tu kulitosha kukufanya uusambaze bila kujua. Akanyamaza, akafungua kompyuta yake.