Kupimwa kwa Maandishi ya Kwanza ya Watoto

Mtoto wa miaka mitano apewapo kalamu, akachora vijistari na viduara, kisha akadai kuwa ameandika jina lake, mwalimu ahukumu nini? Kwamba hajui kuandika, au kwamba ameanza? Historia ya kuyapima maandishi ya watoto ni historia ya majibu mawili ya swali hilo.

Jibu la kwanza liliutazama mkono. Katika mwaka 1910 Edward Thorndike, wa New York, alitoa kipimo chenye vielelezo vya miandiko vilivyopangwa kwa daraja, tangu mwandiko mbaya hata ulio mzuri. Mwalimu aliulinganisha navyo mwandiko wa mwanafunzi wake. Katika mwaka 1912 Leonard Ayres aliuacha uzuri, akapima wepesi wa kusomeka. Vipimo hivyo vilipunguza upendeleo katika kutoa alama, lakini vilimfaa mwanafunzi aliyekwisha kuzijua herufi. Mtoto wa chekechea hakuwa na nafasi ndani yake.

Jibu la pili liliitazama akili. Alexander Luria, wa Moscow, alitangaza majaribio yake katika mwaka 1929. Watoto wasiojua herufi walisomewa sentensi nyingi kupita uwezo wao wa kukumbuka, wakaambiwa waziandike. Wengi walichora mistari isiyowasaidia kitu. Hata hivyo walikuwako walioweka alama moja pembeni na nyingine juu, kisha wakakumbuka kila sentensi kwa mahali pa alama yake. Alama hizo hazikuwa herufi, lakini zilikuwa zimekwisha kushika kazi ya maandishi, ambayo ni kuhifadhi maneno.

Katika mwaka 1971 Charles Read alionyesha kwamba watoto wa Marekani waliojibunia tahajia yao ya Kiingereza waliandika CHR mahali pa TR, kwa kuwa ndivyo masikio yao yalivyosikia. Kosa hilo lilikuwa na kanuni. Katika mwaka 1979 Emilia Ferreiro na Ana Teberosky walitoa kitabu juu ya watoto wa Buenos Aires wasemao Kihispania. Waliona kwamba kabla ya kuifahamu kila sauti, mtoto hupita hatua ya kuiandikia kila silabi herufi moja, na mara nyingi herufi hiyo huwa vokali.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina uzito, maana silabi za Kiswahili nyingi sana huishia kwa vokali. Na tuseme mtoto ameandika AAU kwa neno "kalamu". Kwa kipimo cha mkono na tahajia hapati kitu. Kwa kipimo cha pili amekwisha kuligawa neno katika silabi zake tatu, na kila moja ameipa vokali yake kwa utaratibu. Kilichobaki ni konsonanti.

Kipimo cha mkono hakikosi faida, kwani mwandiko usiosomeka haumfai msomaji. Bali kikitumiwa peke yake mwanzoni, mtoto aliyekwisha kufika nusu ya njia huhesabiwa pamoja na yule ambaye hajaondoka, na wote wawili hurudishwa kunakili herufi zilezile.