Mafiga Matatu ya Mbezi Beach

Wahenga wa Pwani walisema kuwa mafiga mawili hayainjiki chungu. Methali hii husemwa aghalabu kuhusu umoja, lakini inafaa pia kueleza historia ya moto katika nyumba za Dar es Salaam. Mbezi Beach, kaskazini ya jiji kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, si ajabu kukuta nyumba moja yenye jiko la gesi ndani, mita ya LUKU ukutani na jiko la mkaa uani. Wenye nyumba hizo hawakuacha moto mmoja wakahamia mwingine. Waliuongeza wa pili juu ya wa kwanza, na wa tatu juu ya wa pili. Kisa hicho kina zaidi ya miaka mia moja, na gharama yake imelipwa na misitu na anga.

Kabla ya jiji kuwapo, pwani hii ilikuwa na moto wake. Kunduchi, jirani na Mbezi, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yanashuhudia ukale wa makazi ya Waswahili. Chakula kilipikwa kwa kuni, na mnazi ulitoa makumbi, vifuu na makuti makavu. Moto huo nao ulitoa hewa ya ukaa. Hata hivyo, watu walikuwa wachache, na mti uliokatwa ulipata muda wa kuchipua. Hewa iliyopanda na moshi ikarudi katika majani mapya.

Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuujenga mji wake karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, alianzisha pia soko la nishati bila kukusudia. Wajerumani waliufanya mji huo makao makuu mwaka 1891, na mwaka 1908 wakawasha umeme kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa wao. Chini ya Waingereza, mwaka 1931, umeme wa mji ulikabidhiwa kampuni ya DARESCO. Katika nyumba za Kariakoo na Ilala, ambako wapangaji wengi walikaa chumba kimojakimoja, moto uliofaa ulikuwa wa seredani. Mkaa ni mwepesi kubeba, moshi wake ni mchache kuliko wa kuni, na hununuliwa kwa kopo, kwa debe au kwa gunia, kila mtu kwa kadiri ya mfuko wake.

Wepesi huo una siri yake. Moshi ambao mpishi wa mjini hauoni ulikwisha kutoka porini. Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyaacha yaungue polepole kwa siku kadhaa pasipo hewa ya kutosha. Katika tanuri la namna hiyo, tani 10 za kuni mara nyingi hazitoi zaidi ya tani 2 za mkaa. Sehemu kubwa ya kilichobaki hupotea angani, na ndani yake mna methani, ambayo kwa kipimo cha miaka mia moja hupasha joto dunia takriban mara 27 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Msitu usipoachwa ukaota tena, deni hilo halilipiki.

Nalo jiji lilikua kwa kasi. Sensa ya mwaka 1978 iliwahesabu watu 843,090. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu zaidi ya milioni 5.3. Mashamba ya minazi na mikorosho ya Mbezi yaligeuka viwanja, na viwanja vikageuka majumba yenye kuta ndefu. Watafiti waliopima misitu kuzunguka Dar es Salaam waliona kwamba kati ya mwaka 1991 na 2005 uharibifu ulisambaa kama mawimbi kutoka mjini: ukataji wa mbao za thamani ulisogea takriban kilomita 9 kwa mwaka, na uchomaji wa mkaa ukaufuata nyuma kwa takriban kilomita 2 kwa mwaka. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo karibu na jiji, ilikuwa miongoni mwa iliyoumia.

Umeme ulitarajiwa kuwa mwokozi. Bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha mwaka 1975 na Mtera mwaka 1988, na kwa muda mrefu taa za jiji ziliwashwa na maji ya Ruaha. Lakini ukame ulileta mgawo wa umeme katika miaka ya 1990, tena mwaka 2006 na 2011. Pengo likazibwa kwa kuchoma mafuta na gesi: mtambo wa Tegeta, jirani ya Mbezi Beach, ulianza kuuza umeme wa mafuta mazito mwaka 2002, na gesi ya Songo Songo ikafika Ubungo mwaka 2004. Majumba yenye uwezo yalinunua jenereta. Yasiyo na uwezo yalirudi kwenye mkaa.

Visiwa havikuwa kando ya kisa hiki. Tangu mwaka 1980 umeme wa Unguja umepita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Mbezi Beach, hadi Fumba. Njia hiyo ilipoharibika mwaka 2008, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Ilipoharibika tena Desemba 2009, giza lilidumu miezi mitatu. Waya wa pili, wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013. Taa ya Mji Mkongwe na ya Mbezi Beach zimekuwa zikipata umeme kwenye gridi moja, na lawama ya moshi wake ni ya pande zote mbili.

Serikali nayo ilijaribu njia ya amri. Mapema mwaka 2006 ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Bei ikapanda, na marufuku ikalegea muda si mrefu. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na aliyeumia ni mwenye jiko la mchina. Kati ya mwaka 2001 na 2007, sehemu ya kaya za Dar es Salaam zilizotumia mkaa ilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Mtu aliyenyimwa moto mmoja hakukaa na njaa. Alishika ule uliokuwapo.

Katika hesabu ya dunia, Mtanzania hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, ilhali wastani wa dunia unazidi tani 4. Hesabu hiyo ni ya haki, na inamkanya yeyote anayetaka kumtwisha muuza kopo la mkaa mzigo wa viwanda vya wengine. Lakini haiuhesabu msitu uliokatwa. Waliopoteza kivuli, asali na dawa za miti ni wanakijiji walio nje ya jiji, ambao wengi wao hawajawahi kuuona ubao wa jina la Mbezi Beach.

Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mwaka huohuo mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lililokusudiwa kutoa megawati 2,115, ulianza kuzalisha katika Mto Rufiji. Umeme sasa ni mwingi kuliko wakati wowote uliopita. Hata hivyo, mkaa haukudumu kwa ujinga wa mpishi. Ulidumu kwa sababu ulipatikana jioni, kwa fedha iliyokuwamo mkononi, hata siku ambayo umeme umekatika na mtungi wa gesi umekwisha. Moto utakaouondoa uani utalazimika kuwa mwaminifu kuliko mkaa, na kuuzwa kwa kipimo kidogo kama kopo lake.