Trapeza: Safari ya Jina Moja

Yapata mwaka 300 K.K., Euclid aliziita trapezia, yaani meza ndogo, pembenne zote zisizokuwa mraba, mstatili wala msambamba. Katika karne ya 5 B.K., Proclus aliliwekea jina hilo mipaka: trapezion ina pande mbili zilizo sambamba, trapezoeides haina hata mbili. Kifaransa kikaufuata mgawanyo huo kwa neno trapèze. Lakini mwaka 1795 kamusi ya Mwingereza Charles Hutton iliyapindua majina hayo. Baadaye Uingereza ilirejea maana ya kale. Marekani ikashika ule mpinduo. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili asiifuate sauti ya neno, bali sifa ya umbo: trapeza ina jozi moja ya pande sambamba, msambamba una mbili.