Fahamu: Theluji inapofunga milango wakati wa sikukuu

Msikilizaji, wengi wetu theluji tunaiona kwa mbali, kileleni Kilimanjaro au kwenye kadi za Krismasi. Kwa familia za mji wa Buffalo, jimbo la New York nchini Marekani, Krismasi ya mwaka 2022 iliikuta theluji mlangoni. Kati ya Desemba 23 na 27, zaidi ya sentimita 130 zilianguka kwenye uwanja wa ndege wa mji huo. Watu zaidi ya 40 walifariki katika eneo hilo. Buffalo ina wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi, na Kiswahili kinasikika huko, kwa hiyo habari hii ilizigusa pia nyumba za huku kwetu.

Kwa nini Buffalo?

Mji huo uko mwisho wa Ziwa Erie, upande wa mashariki. Mwezi Desemba maji ya ziwa mara nyingi huwa hayajaganda. Upepo wa baridi kali ukipita juu yake hubeba mvuke, na ukifika nchi kavu humwaga mvuke huo kama theluji. Safari hii upepo ulizidi kilomita 110 kwa saa. Kwa saa 37 theluji ilipeperushwa kiasi cha mtu kutoona hatua chache mbele yake.

Watu walifariki vipi?

Marufuku ya kuendesha magari ilianza saa 3:30 asubuhi ya Desemba 23, siku dhoruba ilipoingia. Wengine walikuwa wameshatoka kwenda kazini au dukani. Baadhi walifia ndani ya magari yaliyokwama, wengine njiani wakitembea kwa miguu, wengine nyumbani baada ya umeme kukatika. Wapo waliozidiwa na moyo wakizoa theluji kwa sepetu, kwa kuwa theluji ni nzito na baridi huubana moyo. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto nayo yalikwama.

Watu waliokoana pia. Huko Cheektowaga, jirani na Buffalo, mwanamume mmoja alivunja dirisha la shule akaingiza zaidi ya watu 20, akaacha barua ya kuomba radhi kwa dirisha hilo.

Familia hufanya nini?

Kazi kubwa hufanyika kabla. Mara tahadhari inapotangazwa, wazazi hununua chakula cha siku kadhaa, maziwa ya mtoto na dawa, kisha huchaji simu. Dhoruba ikianza, hakuna anayetoka.

Umeme ukikatika, familia yote huhamia chumba kimoja, huziba nyufa za mlango kwa mataulo na kuvaa nguo kadhaa kwa pamoja. Bomba huachwa likidondosha maji kidogo kidogo, maana maji yakiganda ndani hupasua bomba.

Hatari isiyoonekana

Baridi inapozidi, mtu hushawishika kuwasha jenereta au jiko la mkaa ndani. Hapo hutoka hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Hatari hiyo ipo pia ndani ya gari linalounguruma huku bomba lake la moshi limefukiwa na theluji.

Jambo hili halihitaji theluji. Huku kwetu, kwenye nyanda za juu zenye baridi, jiko la mkaa likiingizwa chumba cha kulala na mlango ukafungwa, sumu ni ileile. Ota moto, kisha toa jiko nje kabla ya kulala.

Na kama una ndugu kwenye nchi za theluji, mpigie siku tahadhari inapotangazwa. Muulize kama ana chakula ndani, na umsihi asitoke. Dhoruba ikishaanza, huenda simu yake ikawa imezimika.