Rangi Iliyoandikwa kwa Hesabu: Waorki, Waelfi na Boma la Mpakani

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nikiandaa tasnifu yangu ya uzamivu, wanafunzi wenzangu watano walinialika jioni moja ya baridi kucheza mchezo ambao sikuwahi kuuona. Juu ya meza palikuwa na karatasi, penseli, vitabu vinene vyenye picha za majoka, na dado ambazo baadhi zilikuwa na pande ishirini. Swali la kwanza nililoulizwa, tena kwa adabu zote, lilikuwa hili: wewe ni wa rangi gani? Kimya kikapita. Mweusi pale nilikuwa mimi peke yangu. Muulizaji akaiva uso, akaharakisha kufafanua kuwa alimaanisha ndani ya mchezo: je, nitakuwa binadamu, mwelfi, kibeti au chotara wa orki? Tukacheka sote. Nikafungua kitabu, nikaona picha ya mwelfi mwenye ngozi nyeusi na nywele nyeupe, nikasema basi nitakuwa huyu. Mwenzangu mmoja akatikisa kichwa. "Hao hawafai," akasema, "ni waovu kwa asili."

Hakuwa mbaguzi. Alikuwa akisoma kilichoandikwa. Na hilo ndilo linalonifanya nirudi kwenye mchezo huu leo, ingawa najua baadhi ya wasomaji wangu watashangaa mwanahistoria anatafuta nini kwenye dado.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulichapishwa mwaka 1974 na kampuni ndogo ya TSR katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani; waasisi wake ni Gary Gygax na Dave Arneson. Toleo la kwanza lilikuwa sanduku lenye vijitabu vitatu, nakala elfu moja tu. Uchezaji wake ni wa masimulizi: mmoja husimamia hadithi, wengine kila mmoja huigiza mhusika wake, na pale matokeo yanapokuwa na shaka dado huamua. Mhusika ana tarakimu za nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na haiba. Hupanda daraja kadiri anavyopata uzoefu. Karibu michezo yote ya aina hii iliyofuata, pamoja na mingi ya kompyuta ambayo vijana wetu huicheza pasipo kujua nasaba yake, imerithi kitu kutoka kwenye lile sanduku.

Sasa tazama kilichokuwa ndani yake. Binadamu aliruhusiwa kupanda daraja bila kikomo. Kibeti aliishia daraja la sita la upiganaji. Hobiti aliishia la nne. Mwelfi aliishia la nne katika upiganaji na la nane katika uchawi. Wazee wetu waliofanya kazi katika utumishi wa serikali ya Tanganyika kabla ya 1961 hawahitaji kufafanuliwa utaratibu huu: daraja lako la mwisho lilijulikana siku ya kwanza ya kazi, na lilijulikana kwa kukutazama uso. Gygax hakuficha sababu zake. Alitaka ulimwengu ambamo binadamu ndiye mtawala, na alidhani wachezaji wote wangekimbilia kuwa waelfi kama wasingewekewa kizuizi. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kiliongeza jedwali linaloonesha ni watu wa mbari ipi wanaowapenda, kuwavumilia au kuwachukia wa mbari ipi. Chuki nayo ikapewa safu na mistari.

Hapa sina budi kusimama kidogo kwenye neno. Kiingereza kilitumia neno lile lile kwa mwelfi na kwa Mwafrika. Kiswahili kinakataa kidogo. Tukisema "rangi", tunapotosha, kwa kuwa tofauti ya kibeti na mwelfi si ya ngozi. Tukisema "kabila", tunaleta lugha na mila, jambo ambalo mchezo hauna haja nalo. Nimechagua "mbari" kwa kukosa jingine. Na hicho kibeti, ukifungua baadhi ya kamusi zetu, utakuta pia "mbilikimo", neno ambalo tumelitumia kwa dharau kuwaita watu halisi wa misitu ya Kongo. Mtu anayedhani viumbe wa njozi hawana jamaa duniani ajaribu kuwafasiri.

Wazo kwamba umbo la mtu na tabia yake huja pamoja, katika kifurushi kimoja, lina umri mkubwa kuliko TSR. Carl Linnaeus, katika toleo la mwaka 1758 la kitabu chake cha kuainisha viumbe, aliwagawa wanadamu katika makundi ya mabara manne, na kila kundi akaliandikia rangi, umbo, hulka na namna linavyotawaliwa: Mzungu kwa sheria, Mwafrika kwa matakwa ya papo kwa papo. Ukiweka ukurasa ule kando ya kitabu cha majitu cha TSR cha mwaka 1977, ambamo kila kiumbe ana mstari wa maadili unaosema kama ni mwema au mwovu, huoni umbali mkubwa.

Orki mwenyewe alitoka kwa J. R. R. Tolkien. Huyu si mtu wa kuhukumiwa kwa sentensi moja. Mwaka 1938, wachapishaji wa Ujerumani walipotaka athibitishe kuwa ana asili ya Kiarya, aliandika majibu makali ya kuidharau dhana nzima. Ila mwaka 1958, akitoa maoni juu ya mswada wa filamu, aliwaeleza waorki kwa sura zinazowaashiria Wamongoli, kadiri jicho la Mzungu linavyowaona wasiovutia. Mtu mmoja aliandika barua zote mbili.

Kitabu kinachonisumbua zaidi kinaitwa The Keep on the Borderlands. Kilitoka kati ya 1979 na 1980, na kwa kuwa kilifungwa ndani ya sanduku la wanaoanza, kizazi kizima kilijifunzia mchezo humo. Kisa chake ni rahisi. Kuna boma mpakani, ukingoni mwa ustaarabu. (Nasema "boma" kwa makusudi, nashindwa kupata tafsiri iliyo bora kuliko neno tulilolitumia kwa makao ya Mjerumani na Mwingereza.) Ndani ya boma kuna mkuu, askari, kanisa, mfanyabiashara na mkopeshaji. Nje kuna bonde lenye mapango, na ndani ya mapango makabila ya waorki, wagoblini na wengineo. Wachezaji hutoka bomani, huingia mapangoni, huua wakazi, huchukua mali, hurudi bomani kuiuza. Kilichoandikwa kuhusu wakazi hao ni cha ajabu: wanawake wao na watoto wao wamehesabiwa. Kitabu kinataja idadi, kisha kinaeleza kuwa watoto hawapigani.

Basi mchezaji wa miaka kumi na miwili afanye nini na hao watoto? Kitabu hakisemi, na wachezaji wamebishana juu ya hilo kwa miongo. Mwaka 2005 Gygax aliulizwa na mashabiki kama askari mtakatifu wa mchezoni anaweza kuwaua mateka na watoto wa mbari ovu bila kupoteza utakatifu wake. Katika kujibu alirejea usemi unaonasibishwa na Kanali John Chivington, ule wa kuwafananisha watoto na mayai ya chawa. Chivington ndiye aliyeongoza mauaji ya Sand Creek, Colorado, Novemba 1864, ambapo zaidi ya watu 100 wa Cheyenne na Arapaho waliuawa, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Sitaki kumfanya Gygax kuwa Chivington; alikuwa mtu wa vitabu na dado. Nasema tu kwamba alipotafuta hoja ya kuhalalisha kanuni ya mchezo wake, hoja hiyo ilikuwa tayari kwenye historia ya nchi yake, na aliijua ilipo.

Wanaoutetea mchezo husema: ni njozi, hakuna orki duniani. Ni kweli, na mimi mwenyewe nilifurahia jioni ile. Lakini kiumbe aliye mwovu kwa kuzaliwa ana kazi maalumu katika hadithi: anamwondolea mchezaji wajibu wa kuuliza kwa nini anapigana. Taarifa za kijeshi za vita vya Majimaji zilihitaji kiumbe wa namna hiyo, na zilimtengeneza.

Waelfi weusi walitokea kwenye visa vya mwaka 1978: weusi, waovu, waishio chini ya ardhi, wakitawaliwa na wanawake. Mwaka 1988 mwandishi R. A. Salvatore aliwapa shujaa, Drizzt Do'Urden, aliyewakimbia watu wake kwa sababu ya uovu wao. Alipendwa mno. Ila tunamfahamu mhusika huyu. Ni yule mmoja "asiye kama wenzake", ambaye wema wake unathibitisha ubaya wa waliobaki nyumbani.

Afrika nayo ilipewa nafasi, mara nyingi kama msitu mmoja. Rasi ya Chult, katika ulimwengu wa Forgotten Realms, ni mahali pa magonjwa, magofu na dinosaria. Kisa cha mwaka 2017 kiliiongezea jiji la bandari lenye wafanyabiashara watawala, liitwalo Port Nyanzaru, jina ambalo sikio la Mswahili hulisikia kama nyanza iliyovalishwa kofia ya kigeni. Jaribio la awali, Nyambe, la mwaka 2002, lilikuwa la heshima zaidi: lilichukua jina la Muumba wa Walozi, na likamwazima hata kitunusi wa bahari yetu. Kwa bahati mbaya kitunusi wao amekuwa mtu mfupi wa kawaida. Bibi zetu wa pwani wasingemtambua. Wakati huohuo Mike Pondsmith, Mmarekani mweusi, alikuwa amekwisha kuchapisha Cyberpunk tangu 1988, kwa hiyo kisingizio kwamba watu weusi hawakuwepo katika tasnia hii hakisimami.

Mabadiliko yalikuja polepole, kisha kwa haraka. Kampuni ya Wizards of the Coast iliinunua TSR mwaka 1997. Toleo la mwaka 2000 likafuta vikomo vya madaraja. Hata hivyo, mwaka 2016 bado kilitoka kitabu kinachompunguzia orki alama mbili za akili. Juni 2020, wiki chache baada ya kuuawa kwa George Floyd, kampuni iliahidi kuwaonesha waorki na waelfi weusi kama watu wenye maadili na tamaduni changamano. Mwaka 2022 ikatoa mkusanyo wa visa vilivyoandikwa na waandishi wasio Wazungu, na mwezi uliofuata ikatoa kitabu chenye watu wa umbo la nyani ambao mchawi mmoja aliwapa akili ili awauze. Septemba ikaomba radhi.

Kitabu kipya cha wachezaji cha mwaka 2024 kimeliacha lile neno la Kiingereza na kuweka "spishi". Orki sasa ni chaguo la kawaida. Chotara wa orki na chotara wa mwelfi hawamo tena kwenye orodha. Sijaelewa faida yake: neno la baiolojia limechukua nafasi ya neno la siasa, na waliokuwa ushahidi kwamba mipaka huvukwa wameondolewa. Watu wa pwani wanajua zaidi kuhusu chotara kuliko kitabu hicho.

Nyongeza za tarakimu, kwa upande wao, hazitokani tena na uzao; zinatokana na maisha ya mhusika kabla ya safari. Nilikwenda kuangalia mkulima anapewa nini. Anaweza kuongezewa nguvu, ustahimilivu na hekima. Mwana wa ukoo bora anaweza kuongezewa nguvu, haiba na akili.