Msamiati wa Tabia na Adabu katika Riwaya ya Jane Austen

Maneno ya adabu huzeeka kwa siri. Sura yao hubaki ile ile, walakini maana hugeuka, na msomaji wa zama za baadaye hudhani ameelewa asichokielewa. Ushahidi wa jambo hili umo katika Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen iliyotolewa London mwezi wa Januari 1813.

Tutazame kwanza neno "candour". Kwa Mwingereza wa leo ni kusema waziwazi bila kuficha. Katika zama za Austen lilitaja pia moyo wa kuwadhania watu mema. Elizabeth Bennet anapomsifu dada yake Jane kwa neno hilo, hamsifu kwa ukali wa ulimi. Amsifu kwa kuwa huona wema wa kila mtu, akauzidisha, asiutaje ubaya wao. Tutazame tena "condescension". Leo ni dharau ya mtu ajionaye bora kuliko wenziwe. Wakati ule liliweza kuwa sifa: mkubwa kujishusha kwa upole mbele ya mdogo. Kasisi Collins humsifu hivyo Lady Catherine, naye mwandishi huicheka sifa hiyo, maana bibi huyo hajishushi ila apate kuamrisha.

Maneno haya hayakuwa mapambo. Mwaka 1774, mwaka mmoja kabla ya Austen kuzaliwa, zilichapishwa barua za Lord Chesterfield kwa mwanawe, na wengi walizilaumu kwa kuitukuza adabu ya nje kuliko wema wa moyo. Hatari ya kuchanganya mambo haya mawili iliwaangukia hasa wanawake. Shamba la Bwana Bennet, lenye pato la pauni 2,000 kwa mwaka, lilifungwa kwa sharti la urithi wa kiume, na mrithi wake ni Collins. Binti watano walikuwa na tumaini dogo nje ya ndoa, nao waliwajua wanaume kwa mazungumzo ya sebuleni na kwa dansi. Wickham, mwenye maongezi matamu, akahesabiwa mwema. Darcy, mkimya mwenye kiburi, akahesabiwa mbaya. Kumbe wa kwanza alikuwa na adabu pasipo tabia, na wa pili tabia pasipo adabu. Lydia, mdogo wao, alitoroka na Wickham, na ndoa yao haikupatikana ila kwa fedha za Darcy.

Neno zito kupita yote ni "gentleman". Asili yake lilitaja nasaba, na Darcy, mwenye pauni 10,000 kwa mwaka, hakupata kulitilia shaka juu ya nafsi yake. Alipomposa Elizabeth mara ya kwanza, huku akihesabu unyonge wa jamaa zake, alikataliwa, akaambiwa kwamba hakutenda kiungwana. Baadaye akiri kuwa shutuma hiyo ilimtesa. Lakini Elizabeth huyo huyo, alipokabiliwa na Lady Catherine, alilirudisha neno kwenye nasaba: Darcy ni muungwana, naye ni binti wa muungwana, basi wako sawa. Kwa maana ya kwanza alimwonya mwenye cheo, kwa ya pili akajikinga na cheo.

Neno letu muungwana lilipita njia ya jirani. Lilimtaja aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Kisha likamtaja mwenye mwenendo mwema, hata wahenga wakanena kuwa uungwana ni vitendo. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili anaweza kulitumia mahali pote pawili, ingawa litakuja na kumbukumbu ya utumwa ambayo neno la Austen halina. Kwa hayo mengine na atahadhari: sifa ya Jane ni dhana njema, na sifa itokayo kinywani mwa Collins ni kujishusha. Akiandika dharau, atamfanya kasisi yule amtukane bibi anayemwabudu, na kicheko cha mwandishi kitapotea.