Nusu Darasani, Nusu Mtihani: Azimio la Musoma Lilitufundisha Nini?

Hebu jiulize: ukitaka kujua kama mtu anaweza kuogelea, utampa karatasi ajibu maswali? Karatasi itakuonyesha anakumbuka nini kuhusu kuogelea, basi. Wataalamu wa upimaji huliita suala hili uhalali: je, kipimo kinapima kile tunachodai kinapima?

Hapa Tanzania swali hili liliwahi kuwa la kisiasa kabisa. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikosoa mitihani kwa kupima zaidi uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa ndani ya muda uliopangwa. Wakati huohuo alitaka shule zifundishe kazi, ushirikiano na kufikiri. Yaani shule ifundishe hiki, mtihani upime kile. Na wanafunzi si wajinga, watasoma kinachopimwa.

Baraza la Mitihani likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Novemba 1974, TANU ikapitisha Azimio la Musoma: mtihani wa mwisho usiamue peke yake. Kuanzia 1976 maendeleo ya mwanafunzi darasani na katika kazi yakaanza kuhesabiwa. Kwa kidato cha nne, nusu ya alama zikatoka shuleni, nusu kwenye mtihani wa taifa.

Ni haki kabisa, si ndiyo? Subiri kidogo. Alama 70 za mwalimu mkali na 70 za mwalimu mpole zinafanana kwenye fomu tu. Na ukiipa tabia alama, umepima bidii ya mtoto au namna anavyompendeza mwalimu? Mtihani wa taifa unatumia kipimo kimoja kwa wote, ila unaona saa chache tu za miaka minne. Mwalimu anaona mengi, ila kwa jicho lake mwenyewe.

Kwa hiyo kugawa nusu kwa nusu hakutoshi kuleta mizani. Alama za shuleni zinahitaji vigezo vya pamoja na mtu wa nje wa kuzikagua, na mtihani unahitaji maswali yanayogusa kile kilichofundishwa kweli. Mpaka leo alama za shuleni zinaingia kwenye matokeo ya kidato cha nne, na matokeo hayo ndiyo yanayoamua nani aende kidato cha tano. Ukisikia tena mjadala wa kupunguza au kuongeza mitihani, usiishie kwenye asilimia. Uliza pia nani anakagua hizo alama.